Mbizi Moja ya Bekha Dangol

Mto wetu ulipokuwa maiti, Bekha Dangol alilala. Sisemi alilala fofofo, lakini alilala. Ulipoanza kufufuka ndipo usingizi ulipomhama, na hapa Patan, ng'ambo ya Kathmandu, hakuna aliyeweza kukisia kwamba mzee aliyeuhangaikia mto kuliko wote ndiye aliyeuogopa kuliko wote.

Kila Jumamosi, siku ambayo wenye kazi zao mjini hulala mpaka jua liwapige usoni, Bekha alishuka ngazi za mawe za Dhwakasi akiwa na glavu na buti za mpira, akaingia kwenye tope la mto wetu Bagmati kuokota aibu za watu. Mifuko ya plastiki, magodoro, mbwa waliokufa, mara moja choo kizima cha kukalia pamoja na mfuniko wake. Miaka kumi na miwili aliifanya kazi hiyo bila ujira. Wakubwa walikuja na glavu mpya, wakapigwa picha, wakaondoka na glavu zao zikiwa mpya vilevile. Bekha alibaki mpaka tumbo lidai chakula.

"Huyu babu yetu hajakosa Jumamosi hata moja," Rojina Maharjan aliwaambia wageni. Rojina ni mhandisi wa maji, binti wa mtaani kwetu, na ndiye anayeliongoza kundi letu la usafi. "Hata siku ya harusi ya mwanawe alianzia hapa. Bibi harusi alipokelewa na baba mkwe ananuka mtaro!"

Wageni walicheka, wakapiga makofi. Bekha aliinamisha kichwa, nao wakasema ama kweli mzee huyu mnyenyekevu.

Unyenyekevu gani? Alikuwa anakwepa kuangalia ngazi ya tatu kutoka chini, kwa sababu pale alikaa mtoto wa kike wa miaka tisa, nywele zake zimesukwa mkia mmoja, zinachuruzika maji. Mtoto hakulia, hakunyoosha kidole, wala hakumtazama. Aliangalia mto tu, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Mimi sikumwona, na wewe usingemwona. Lakini Bekha alimwona, mwaka hadi mwaka, kwa miaka arobaini na moja, na mtu akikiona kitu muda wote huo, sisi wengine tuna haki gani ya kumwambia hakipo?

Mtoto aliitwa Tejmati. Ili ujue alifikaje pale, inabidi nikurudishe nyuma, Bekha akiwa na miaka ishirini na saba na mgongo ambao haujawahi kumwuma.

Alizaliwa katika nyumba ya wakulima, wale wa jembe la mkono na vikapu viwili vinavyoning'inia kwenye mti begani. Kuogelea alijifunza Bagmati kabla hajajua kufunga kamba za viatu, maana viatu vyenyewe hakuwa navyo. Enzi hizo maji yalikuwa maangavu, ukiangusha shanga unaiona ilipolala. Kisha Kathmandu ikaingiwa na wazimu wa kujenga. Kila mwenye kiwanja alitaka ghorofa, kila ghorofa ilitaka saruji, na saruji haishikani bila mchanga. Mashamba yakauzwa kipande kwa kipande. Vijana wa mtaa wetu wakaacha mpunga na koliflawa, wakaingia mtoni na makoleo. Leo wenye ghorofa hizohizo wanatuuliza nani aliuharibu mto.

Bekha alikuwa mchimbaji hodari, na uhodari wa mchimba mchanga ni kwenda chini. Shimo lake lilikuwa katikati ya mto, mkabala na ngazi za Dhwakasi, nalo lilikuwa limefika urefu wa watu wawili. Kwa juu huoni kitu. Maji yalipita polepole, yakionekana ya magotini kama kwingine kote. Ndiyo maana wachimbaji walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote lakini hakuna aliyeivunja: mwenye shimo huchomeka ukingoni mwake mianzi miwili mirefu yenye vitambaa vyekundu, ili watoto na ng'ombe wajue pa kukaa mbali. Mianzi ya Bekha ilikuwa mirefu kuliko ya wenzake wote, naye aliringa nayo.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya chama cha mazishi. Kwetu kila mtu ana guthi yake, na mtu akifa wafiwa hawahangaiki. Guthi ndiyo inayohangaika. Mmoja huleta kuni, mwingine sanda, mwingine mianzi ya jeneza, na zamu zinazunguka. Ukikosa zamu yako unatozwa faini. Faini si kitu. Kitu ni yale maneno yatakayokufuata mpaka siku ya kubebwa wewe: huyu ndiye aliyemwacha maiti akingoja.

Mwaka ule zamu ya mianzi ilikuwa ya Bekha. Ilimpasa awe na mianzi miwili mibichi, imekatwa na kulazwa uani, tayari. Hakuwa nayo. Alikuwa akisema kesho, kesho, kama tunavyosema sote. Ndipo Mzee Jitlal Awale akafa, mchana, siku moja kabla ya sikukuu ya Sithi Nakha, na maiti ilitakiwa iwe imeshachomwa jua likizama. Mianzi mibichi ya karibu ilikuwa Khokana, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

"Bekha!" mjumbe wa guthi alimwita kutoka barabarani. "Mzee ameshaoshwa! Au unataka tumbebe mgongoni?"

Bekha akakimbilia mtoni. Akaing'oa mianzi yake miwili, akavua vitambaa, akaisuuza tope, akaipeleka mbio.

"Mbona mikavu hii?" mkubwa wa guthi alinung'unika, akiigonga kwa ukucha.

"Ndiyo iliyopatikana, baba."

Wakafunga jeneza. Wakambeba Mzee Jitlal hadi mahali pa kuchomea, Bekha akiwa mbele upande wa kulia, bega lake chini ya mwanzi wake mwenyewe. Moto ulipowaka, mianzi iliteketea pamoja na mzee. Wabebaji wakaoga mtoni, wakarudi makwao. Kesho asubuhi nitachomeka mingine, Bekha alijiambia, na moyo wake ukatulia kabisa, kwa sababu alikuwa ameepuka aibu.

Kesho yake ilikuwa Sithi Nakha, siku ya kusafisha visima kabla ya mvua. Siku hiyo naga, wale nyoka watakatifu ambao ndio wenye kumiliki maji, huyaacha makao yao wakaenda kuabudu kwao, na watu wana ruhusa ya kuingia majini bila kuwaudhi mpaka saa sita mchana. Ndiyo maana watoto huachiwa mto, na ndiyo maana mchimbaji haendi kazini. Bekha alishushwa kwa kamba kwenye kisima cha mtaa, akazoa tope tangu alfajiri. Alipopandishwa akapewa mikate ya choroko na bakuli la pombe ya mchele, halafu bakuli la pili. Mianzi haikumjia akilini mpaka aliposikia mayowe.

Tejmati, mjukuu wa Mzee Jitlal, alikuwa amechoropoka kwenye nyumba ya msiba iliyojaa watu wanaolia, akawafuata wenzake mtoni. Alikuwa anavuka kwa miguu, maji yakimfika magotini, anawacheka wenzake walioogopa baridi. Akapiga hatua moja, akatoweka. Bekha alipofika, wanaume wanne walikuwa wanapapasa huku na huku na vilio vimetanda. Yeye hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mahali penyewe, akapiga mbizi moja tu, akaibuka na mtoto mikononi.

Tejmati alikuwa ameshakufa. Watu walimpigapiga Bekha mgongoni, wakasema huyu ndiye mwanamume, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza alijuaje pa kuzamia.

Kisha wakatafuta wa kulaumiwa, maana sisi watu hatuwezi kuuacha msiba ukae bila mwenyewe. Mtoto wa nyumba yenye maiti ya jana, mwenye unajisi, ameingia majini siku ya naga, tena jua limeshavuka utosi! Nani alimwachia? Mama yake. Wazee walilisema waziwazi, na wanawake wakalirudia kisimani. Mama huyo, Astamaya, alikuwa na miaka thelathini na tatu. Siku hiyo alikuwa anakoka moto wa kumpikia mumewe aliyefiwa na baba. Aliyasikia maneno yale, hakubisha hata moja, akayaamini. Mumewe hakumfukuza. Alimfanyia baya zaidi: aliacha kumsemesha, na miaka kumi na tisa baadaye alikufa bado hajamsemesha.

Bekha alikuwepo wazee waliposema. Akasema moyoni ngoja kwanza msiba upoe.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya Sithi Nakha, Astamaya alisimama mlangoni pake na sahani ya mikate sita ya choroko, imefunikwa kwa jani.

"Pokea, mdogo wangu," alisema. "Wewe ndiye uliyenirudishia mwanangu nikamfanyia mazishi. Bila wewe mto ungemchukua, naye angebaki anatangatanga."

Tangu hapo hakukosa hata mwaka mmoja. Mara mbili tatu Bekha alijaribu kula. Mkate ulimgomea kooni. Miaka iliyobaki mikate ililiwa na mbwa. Mkewe, Purnamaya, alimwona.

"Una nini na mikate ya yule mama?"

"Tumbo linanisumbua."

"Ajabu tumbo lako. Linasoma kalenda!"

Purnamaya naye alikufa bila kujua. Bekha aliacha kuchimba mchanga, akalima uyoga kwenye chumba cha chini, akasomesha wanawe wawili, mmoja akaenda Qatar na mwingine akafungua duka la simu. Ukimtazama kwa nje, alikuwa mtu aliyejaliwa.

Mji ulipoanza kuelekeza mitaro yake yote mtoni, viwanda vikamwaga rangi zao, maji yakawa meusi na mazito na watu wakapita darajani wameziba pua, wazee wa mtaa walilia. Bekha alishusha pumzi. Mto mweusi hauogelewi, wala hauonyeshi kilicho chini. Katika miaka ile yote ya uvundo, mtoto kwenye ngazi alififia. Alionekana mara mojamoja, kwa mbali, kama mtu unayemwona kupitia moshi wa kuni mbichi.

Utaniuliza basi, kwa nini alijiunga na akina Rojina siku ya kwanza kabisa, tena bila kuitwa? Nimelifikiria sana. Nadhani alijiambia kwamba kama kuna siku mtu atafika chini ya mto ule, basi heri awe yeye. Na nadhani pia kwamba mtu mwenye kidonda hawezi kuacha kukigusa.

Yakalazwa mabomba kila upande wa mto kuyakinga majitaka, ukajengwa mtambo wa kuyasafisha, maji ya mvua yakahifadhiwa milimani ili mto usikauke kiangazi. Mwaka wa tano uvundo ulipungua. Mwaka wa nane bata walirudi. Mwaka wa kumi Rojina alichota maji kwa chupa, akaiinua juani, akaanza kulia mbele ya watu bila aibu. Na kila maji yalivyozidi kung'aa, ndivyo mtoto alivyozidi kuonekana: kwanza ule mkia wa nywele, kisha shingo, kisha vidole vya miguu vilivyokunjamana kwa kukaa sana majini. Bekha akawa hapati usingizi. Alikonda, na watu wakamsifu zaidi, wakasema anajimaliza kwa ajili yetu.

Mwaka wa kumi na miwili, wiki tatu kabla ya Sithi Nakha, Rojina alishuka ngazi mbio, karatasi za maabara zikimpeperuka mkononi.

"Babu! Yamepita! Vipimo vitatu mfululizo! Maji ni salama, watu waogelee!"

"Salama," Bekha alisema.

"Sithi Nakha hii watoto wanaingia. Mimi sijawahi kuona mtu ameingia mto huu kuogelea, babu, tangu nizaliwe! Sasa, kuna kazi moja nakupa, na usinikatalie."

"Kazi gani?"

"Mipaka. Nataka mianzi kama ile ya zamani, yenye vitambaa vyekundu, uichomeke panapoanza kina. Wewe ulichimba hapa. Unalijua tumbo la mto huu kuliko mashine zangu."

Bekha alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Babu, vipi? Umekunywa nini asubuhi?"

"Mpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Wenzako wote ni marehemu, wako ukutani kwenye fremu, wamevishwa mashada! Umebaki wewe peke yako."

Bekha akainuka kwenye ndoo. Akakata mianzi Khokana, mibichi, akaifunga vitambaa, akaingia mtoni. Mahali penyewe hakuhitaji kupatafuta. Akasukuma mwanzi chini kwa nguvu zake zote za uzee, akitegemea uzame. Ukagota kwenye kokoto. Maji magotini. Akajaribu hatua moja mbele, hatua moja nyuma, mara tisa, mara kumi. Mafuriko ya miaka arobaini na moja yalikuwa yamelijaza shimo mpaka juu, yakalisawazisha, ungedhani halijawahi kuchimbwa. Mianzi ya kwanza ilikuwa majivu, mkubwa wa guthi aliyeigonga kwa ukucha alikuwa majivu, na sasa shimo nalo halipo. Hapakuwa na ushahidi popote isipokuwa kifuani mwake. Angeweza kunyamaza mpaka siku ya kubebwa, na mtaa ungemlilia.

Labda angenyamaza. Lakini siku nne kabla ya sikukuu Astamaya alikuja mtoni, na fimbo yake, tukiwa tumekusanyika kupanga mambo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Tangu siku ile alikuwa hajashuka ngazi za Dhwakasi, na hata sasa alisimama juu kabisa.

"Mwanangu," alimwambia Rojina, "watoto wasiingie kabla sijaomba."

"Uombe nini, bibi?"

"Msamaha. Nilimwachia mwanangu akaingia na unajisi kwa wenye maji. Mto ukafa baada ya pale. Unadhani ni mitaro? Mitaro ilikuja nyuma. Ni mimi niliyewaudhi."

Rojina ana shahada mbili za maji. "Bibi, ni mitaro. Nakuapia, ni mitaro tu."

"Haya, ni mitaro. Lakini niache niombe, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, nilikiri kosa langu. Nisije nikafa nalo. Na asije mtoto wa mtu akalipizwa kwa ajili yangu." Kisha akamgeukia Bekha, aliyekuwa anakunja kamba hatua tatu kutoka pale, akamtabasamia. "Na wewe mdogo wangu usimame karibu nami. Miguu yangu siiamini. Wewe ndiye unayejua kutubeba sisi."

Siku mbili baadaye Bekha alipiga moyo konde, akaenda kwake. Alimkuta jikoni anachagua choroko, anatoa mawe, anaziloweka kwa ajili ya mikate ya sikukuu.

"Dada, kuna neno."

"Kaa kwanza. Chai iko tayari."

"Dada, siku ile..."

"Siku ile usinitajie." Alimwekea mkono begani. "Nitaitaja mwenyewe keshokutwa, mara moja, iwe imekwisha. Wewe ulifanya zaidi ya wote. Kunywa chai yako."

Akanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama anavyoipenda. Mama huyu alikuwa ameichunguza hata chai yake. Akashukuru, akainuka, akajilaani. Na alipofungua mlango wa kutokea, mtoto alikuwa amekaa kizingitini. Hakuwahi kuuacha mto hata siku moja, na leo alikuwa pale, mlangoni kwa mama yake, maji yanamchuruzika kwenye udongo mkavu. Akainua uso, akamtazama Bekha. Hakukuwa na hasira machoni pake. Afadhali kungekuwa na hasira. Bekha alimruka kizingitini, akakimbilia nyumbani mchana kweupe, na watu wakamwamkia njiani asiwaitikie.

Sithi Nakha ikafika. Ngoma zilikuwa zimeanza tangu asubuhi. Ngazi za Dhwakasi zilijaa mpaka huoni jiwe. Akina mama wamekuja na taulo, watoto wamevaa maboya ya plastiki yenye vichwa vya bata, akina baba wanajifanya wao hawana haja ya kuogelea. Astamaya alishushwa polepole, ngazi kwa ngazi, na sinia mikononi: maziwa, bisi za mchele, maua, taa ndogo iliyofinyangwa kwa unga. Bekha alimshika kiwiko. Ngoma zikanyamazishwa.

"Enyi wenye maji," Astamaya alianza. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. "Na nyinyi watu wa mtaa. Mimi ni Astamaya, mke wa marehemu Ratna Awale. Miaka arobaini na moja iliyopita ni mimi nili..."

"Si wewe," Bekha alisema.

"Babu, mwache amalize," Rojina alimnong'oneza.

"Asimalize! Si yeye!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na wa juu kabisa walimsikia. "Ni mimi. Shimo lilikuwa langu. Mianzi ya alama niliing'oa mimi, nikambebea Mzee Jitlal, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na sikuwa na mianzi mingine, na nilichelea kusemwa. Mtoto hakuona alama kwa sababu alama ilichomwa pamoja na babu yake. Naga hawakufanya kitu. Unajisi haukufanya kitu. Nilimpata kwa mbizi moja kwa sababu nilijua alipo."

"Mzee amelewa," mtu alisema, na mwingine akamwambia anyamaze. Mtoto mmoja akauliza tunaingia lini, akafinywa.

Astamaya hakuanguka, ingawa mikono mingi ilinyooshwa kumdaka. Alikitoa kiwiko chake mkononi mwa Bekha.

"Lilikuwa na kina gani?" aliuliza.

"Watu wawili, dada."

"Kwa hiyo hata ningekuwa nimesimama hapahapa, nikamwona anaingia..."

"Usingemfikia."

"Na kama hatungekuwa na msiba? Kama ningemwosha, nikamvalisha, nikamleta mwenyewe nimemshika mkono, kabla ya saa sita?"

"Mngezama wote wawili."

Tulisikia maji yakipita kwenye kokoto, sauti ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia katika mto ule.

"Mume wangu alikufa hajanisemesha," alisema. "Ulikuja kumbeba."

"Nilikuja."

"Nami nikakupikia."

"Ulinipikia, dada."

Tulingoja amlaani. Wengine, nakiri, tuliitamani laana hiyo, maana ilikuwa imetuingia kwamba na sisi, na mama zetu kisimani, tulikuwa na sehemu yetu ndani yake. Bekha naye alikuwa anaingoja. Alikuwa amefumba macho kwa ajili yake. Astamaya akachukua sinia, akamwekea Bekha mikononi, akamkunjia vidole kimoja kimoja mpaka alipohakikisha amelishika.

"Mimi nimeomba msamaha miaka arobaini na moja," alisema. "Wewe anza leo."

Akageuka. Akawatazama watoto waliobanana kwenye ngazi na mabata yao ya plastiki, akawapungia mkono kwa nguvu, kama anayefukuza kuku.

"Ingieni! Nani anawazuia? Ogeleeni mpaka njaa iwatoe, hata jioni!"

Watoto wakamwagika mtoni kwa mkupuo, na yowe lao lilisikika mpaka darajani. Bekha akabaki na sinia mikononi, maji yakimrukia, mtaa mzima ukimtazama, akitafuta neno la kwanza.